Asilimia isiyotaja jumla yake humtia mfanyabiashara hasarani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara wa Ubungo anayefunga hesabu za wiki kwa kompyuta, daftari lipo, tena lenye jedwali la muhtasari, maarufu kama pivoti, linalojumlisha mauzo kwa dakika chache. Hata hivyo, mali inaweza kupotea daftari likiwa wazi mezani, endapo msomaji hatauliza: hii ni asilimia ya nini?

Mfano ni wa mwenye maduka mawili, moja Manzese na jingine Mbezi. Kwa wiki moja, Manzese imeuza shilingi milioni 30: mchele milioni 9, sukari milioni 12 na unga milioni 9. Mbezi imeuza milioni 20: mchele milioni 8, sukari milioni 6 na unga milioni 6.

Kwa asilimia ya jumla kuu, yaani milioni 50, mchele wa Manzese ni asilimia 18 na wa Mbezi ni asilimia 16. Mchele ukiadimika na ikabidi duka moja lipunguziwe mzigo, mwenye mali atapunguza Mbezi. Hapo atakuwa amekosea. Kila duka likipimwa kwa jumla yake lenyewe, mchele ni asilimia 30 ya mauzo ya Manzese, lakini ni asilimia 40 ya mauzo ya Mbezi. Manzese inabebwa na sukari; Mbezi inabebwa na mchele. Duka linalonyimwa bidhaa inayolibeba hupoteza wateja, na kodi ya pango haipungui.

Kwenye programu ya Excel, tangu toleo la 2010, dawa ipo ndani ya jedwali lenyewe. Duka huwekwa kwanza kwenye mistari na bidhaa chini yake. Kisha, katika namna za kuonyesha tarakimu, huchaguliwa asilimia ya jumla ya mstari mzazi badala ya asilimia ya jumla kuu. Bidhaa zitapimwa kwa duka lake, nayo maduka yatapimwa kwa jumla kuu: Manzese 60, Mbezi 40.

Mpangilio nao una uzito. Bidhaa ikitangulia na duka likafuata, Manzese itasomeka asilimia 53 ya mchele wote. Tarakimu hiyo ni sahihi, ila inajibu swali jingine.

Mwekezaji mdogo naye hajasalimika. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina kampuni za ndani na pia za Kenya, kama KCB iliyoorodheshwa mwaka 2008. Ndiyo maana thamani ya soko zima hutajwa mbali na thamani ya kampuni za ndani. Hisa za CRDB au NMB huonekana na uzito mdogo kwenye jumla ya kwanza na mkubwa zaidi kwenye ya pili, ilhali bei haijasogea hata shilingi moja. Anayelinganisha asilimia za jumla mbili tofauti anaweza kununua au kuuza kwa sababu isiyokuwepo.

Karani anayeleta asilimia aandike juu ya safu ni ya jumla ipi. Asipoandika, mwenye mali asitie saini oda.