MWIZI ASIYEACHA NYAYO

Ndugu wanachama wa Tarime na Serengeti,

Zamani mwizi wa ng'ombe alikuja usiku. Yowe likapigwa, kijiji kizima kikafuata nyayo. Mwizi wa leo haachi nyayo. Hupiga simu mchana kwa sauti ya adabu, nasi twamfungulia mlango wenyewe.

Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, fedha ya mahindi, kahawa na mifugo imehamia katika simu. Hayo ni maendeleo, wala hatuyapingi. Lakini tumemwona mama mmoja wa Mugumu aliyeuza ndama ili alipe ada. Alipata ujumbe kwamba fedha imeingia kwake kwa makosa, akairudisha kwa huruma. Kumbe hakikuingia kitu. Aliyotuma ni ada ya mwanawe. Akanyamaza kwa aibu, na mwizi akahamia kwa jirani.

Twasema wazi: aibu ni ya mwizi, si ya aliyeibiwa.

Basi kila tawi lifundishe haya. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata akijiita ofisa wa kampuni. Tazama salio kabla ya kuamini ujumbe. Usimlipe muuzaji wa mtandaoni usiyemjua kabla hujaiona mali. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya tapeli itume 15040.

Vijana mliosoma, wasomeeni wazee ujumbe wao, lakini msiwaulize namba zao za siri.

Mwizi huyu anategemea ukimya wetu. Ndugu, tupige yowe!