Vita vya Kunguru Vianzie Visiwani

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, liliwaahidi watu wa Pwani kwamba kunguru milioni moja wa Bara Hindi wangeangamizwa kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Mombasa na Malindi kunguru bado wametanda juu ya mapaa, masokoni na majaani. Ahadi hiyo haikutimizwa. Kosa kubwa zaidi ni kuzikodolea macho hoteli na miji, huku visiwa vya Lamu vikiachwa vijitetee vyenyewe.

Ndege huyu aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka. Kufikia 1917 serikali ya huko ilikwisha kumtangaza mharibifu. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Hupanda meli na majahazi, na kila anapotua hula mayai na makinda ya ndege wetu, hunyakua vifaranga uani na kudonoa samaki walioanikwa.

Kanada ilifanya uzembe kama huu. Miaka ya 1980 iliagiza nguruwe mwitu wa Ulaya ili wafugwe. Biashara ilipodorora, wengine wakaachiwa porini. Ilidhaniwa baridi ya Saskatchewan ingewamaliza. Wakajichimbia kwenye theluji, wakazaa, na sasa wataalamu wa huko wanakiri kwamba kuwatokomeza wote hakuwezekani tena. Walipokuwa wachache hakuna aliyejishughulisha.

Mbwajumali si Mombasa. Ni mji mdogo kisiwani Pate, katika visiwa vya Lamu, wenyeji wanaijua miti yao, na kunguru akijenga kiota ataonekana siku hiyo hiyo. Mahali kama hapa ndipo kazi huwezekana, na kwa gharama ndogo. KWS na Serikali ya Kaunti ya Lamu wapeleke maafisa wenye ujuzi wa sumu ya Starlicide, wala asiachiwe raia kuishika. Viota vivunjwe kabla mayai hayajaanguliwa. Vyombo vinavyotia nanga vikaguliwe. Wavuvi nao, tunasema bila kuwaonea haya, waache kumwaga matumbo ya samaki ufuoni, wayafukie.

Na fedha zitengwe kila mwaka. Zanzibar iliwapunguza kunguru sana miaka ya 1990, ufadhili ukakatika, na ndege wakajaa upya.