Asili Nayo Huua

Hapa Ujiji, ukitaka kumnyamazisha mtu anayekuuliza unanyunyizia nini mboga zako, neno la kumjibu ni moja tu: asili. "Hii si sumu, hii ni ya asili." Muulizaji huitikia kwa kichwa, akaenda zake ameridhika. Neno hili limekuwa kama hirizi, na ninaandika kulipinga. Sina mapenzi na madawa ya dukani. Ni kwamba nimekwisha kuua kwa dawa ya asili, na niliowaua hawakuwa wadudu.

Bustani yangu ni ya uani. Ina matuta manne ya mchicha, sukuma wiki na bamia, na madebe kumi na mawili ya nyanya niliyoyapanga barazani, chini ya bati, ili mvua kubwa isiyaharibu. Kwa miaka mingi nilinunua dawa ya kupimiwa kwa kifuniko cha soda, kutoka katika chupa isiyo na karatasi. Muuzaji hakujua jina lake, nami sikumwuliza. Nilinyunyizia leo, na keshokutwa mchicha ukachumwa, tukala. Waliokula ni pamoja na wajukuu. Basi ilipotangazwa semina ya kilimo cha asili, nilikuwa wa kwanza kuketi mbele.

Semina hiyo sitaitaja, wala walioiandaa. Tulifundishwa kutwanga majani ya utupa, kuyaloweka usiku kucha, kuyachuja, kutia sabuni kidogo na kunyunyizia jioni. Mengi tuliyofundishwa yalikuwa kweli. Utupa unaua vidukari, unawazuia wadudu wanaotoboa maharage ghalani, na kwa kuwa ni wa jamii ya kunde unarutubisha udongo unapoota. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono, akasema, "Mwanangu, utupa si ndio ule wa kulevya samaki?" Mwanasemina wetu akacheka. Akasema hizo ni habari za mababu, hii ni dawa ya asili, haina madhara yoyote. Mzee akaketi. Sote tulicheka, nami nikiwemo.

Tulimcheka mtu pekee aliyekuwa akijua. Mtu wa ziwani haambiwi utupa ni nini. Majani hutwangwa, hutiwa katika kijito au kidimbwi, na baada ya muda samaki huelea matumbo juu. Ndani ya majani hayo mna kemikali iitwayo rotenoni, ambayo huuzuia mwili usitumie hewa unayoivuta. Samaki huipokea kwa mashavu yake moja kwa moja hadi kwenye damu, ndiyo maana kiasi kidogo kinamtosha. Kazi ile ile inayomwua kidukari juu ya jani la sukuma ndiyo inayomwua samaki majini. Hakuna utupa wa bustani na utupa wa mtoni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, wala haisemi kwamba sumu ikitoka kwenye jani basi imesamehewa.

Nililolifanya ni hili. Ilikuwa kiangazi. Nilitengeneza ndoo nzima kwa matuta manne, kwa tamaa ya mtu aliyepata kitu cha bure, na zaidi ya nusu ikabaki. Nikamwambia kijana wa nyumbani aimwage na kuisuuza ndoo. Naye, kama mtu yeyote, aliipeleka penye maji. Chini kidogo ya kwetu, kabla hujafika ziwani, kuna kidimbwi ambacho wakati wa kiangazi hutengwa na ziwa kwa kizuizi cha mchanga. Hapo watoto huvua kwa vyandarua vilivyochakaa. Alfajiri ya pili yake mvuvi mmoja, jirani yetu, alibisha hodi na beseni mkononi. Ndani mlikuwa na visamaki, vingi havizidi urefu wa kidole. "Mwalimu," akasema, "hawa ni wa kwako?" Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Msomaji anaweza kusema kidimbwi si ziwa, na Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, halitadhurika kwa ndoo ya mzee mmoja. Ni kweli. Lakini samaki hawaishi katika kina chote hicho. Kule chini kabisa maji hayana hewa. Samaki wetu wengi wenye rangi, zaidi ya aina 200 na wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani, hukaa pembeni, kwenye mawe na mchanga, mita chache tu kutoka kwenye miguu yetu. Kuhe huja pembeni kulinda watoto wake. Na bustani zetu ziko wapi? Ziko huko huko pembeni, na bondeni mwa mto Luiche, ambako kila mfereji una mwisho mmoja. Ndoo yangu ilikuwa moja. Katika semina ile tulikuwa zaidi ya arobaini, na kila mmoja wetu alirudi na mbegu.

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Mwaka 2024 ziwa hili lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mvuvi alikaa na nyavu zake nyumbani. Mama anayeanika dagaa pale Kibirizi alikaa na mchanga mtupu. Watu walibeba mzigo huo, wengine kwa manung'uniko, lakini waliubeba. Halafu sisi wenye bustani, ambao hatukuombwa kuacha chochote, tuende tukisuuza ndoo za utupa mitaroni huku tukijisifu kwamba tumeachana na sumu?

Wapo watakaosema kwamba mtu maskini hana fedha ya dawa nzuri, basi aachwe atumie alichopewa na Mungu. Hoja hii naiheshimu, maana mimi mwenyewe si tajiri. Ila sikusema utupa usitumike. Nasema anayeufundisha aseme yote. Aseme unaua samaki. Aseme tengeneza kibakuli, usitengeneze ndoo, na mabaki uyamwage kwenye shimo kavu mbali na maji. Rotenoni huharibika kwa jua baada ya siku chache, kwa hiyo subira nayo ni kinga. Aseme wewe mwenyewe ufunike pua na mikono, kwani mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliotiwa rotenoni mwilini kwa majuma walipata hali inayofanana na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Nchi za Ulaya ziliamua mwaka 2008 kuiondoa katika orodha ya dawa zinazoruhusiwa mashambani. Nazo zilikuwa zimeiita ya asili miaka mingi.

Wala si utupa peke yake. Tumbaku inalimwa katika mkoa wetu huu, na wapo wanaochemsha majani yake kuwa dawa ya wadudu. Nikotini yake hupenya ngozi. Waulize wanaochuma majani mabichi yenye umande, watakueleza kichefuchefu na kizunguzungu chake. Juu ya hayo, tumbaku inaweza kubeba ugonjwa wa virusi unaozishika nyanya, hivyo ukamwua mdudu ukaupanda ugonjwa. Mwarobaini ni mpole zaidi, nao naupenda: kiwavi aliyeula huacha kula, akashindwa kujivua gamba. Hata hivyo mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa kama dawa. Jani halikuumbwa kwa ajili yetu. Mti hujitengenezea sumu ili usiliwe, na sisi tunaiazima tu.

Sasa nifanye nini na vidukari? Nitasema ninachokifanya, ingawa hakina fahari ya semina. Kila asubuhi, kabla ya chai, nageuza majani. Vidukari wachache nawaminya kwa vidole. Wakiwa wengi nawapiga maji yenye sabuni kidogo. Nikiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina najua wanawafuga, maana wanafuata maji matamu yanayowatoka vidukari, na huwafukuza wale ambao wangewala. Basi nawazibia sisimizi njia kwanza. Halafu nangoja, na hapa ndipo wengi hushindwa. Wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, huja wakati vidukari wamekwisha kuwa wengi, hawaji kabla. Anayenyunyizia utupa siku ya tatu humwua mlinzi pamoja na mwizi, na mwizi ndiye anayezaliana haraka.

Nyanya za barazani zilinifundisha jambo jingine. Zilishikwa na utitiri mwekundu, majani yakawa kama yaliyomwagiwa vumbi la shaba, ilhali zile mbili zilizosahaulika nje mvuani zilikuwa kijani. Utitiri hupenda pakavu penye vumbi, nami nilikuwa nimeujengea paa. Kule Kanada, ambako bangi imeruhusiwa kisheria tangu Oktoba 2018, wapo wanaoiotesha ndani ya vyumba vilivyofungwa, chini ya taa. (Kwetu ni kosa la jinai, na sina nia ya kuipigia debe.) Chumba cha namna ile ni baraza langu mara mia: hakuna mvua, na hakuna mla utitiri anayeweza kuingia. Kwa kuwa jani lile huvutwa, chochote ulichokinyunyizia huelekea mapafuni, kiwe cha dukani au cha asili. Basi wapo wanaonunua utitiri wa aina nyingine, unaokula utitiri, wakauachia majanini. Ujuzi huo ulianzia kwenye nyumba za vioo za Ulaya katika miaka ya 1960. Mimi sikununua kitu. Niliyasogeza madebe nje, nikawa naosha majani upande wa chini.

Na yeyote anayedhani kwamba njia hizi ni za kubahatisha na akumbuke muhogo, ambao bila huo Kigoma ingelala njaa. Vidung'ata wa muhogo walionekana kwa mara ya kwanza Afrika karibu na Kinshasa na Brazzaville mwaka 1973, wakaenea nchi kwa nchi. Aliyewazuia ni nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, aliyepatikana Paraguay mwaka 1981. Hawakumchukua wakamrusha tu porini kwa kuwa ni wa asili. Alipelekwa kwanza Uingereza kwenye karantini, akachunguzwa asije akala kingine, ndipo akaachiwa Nigeria. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu yule aliulizwa maswali mengi kuliko tulivyouuliza utupa sisi arobaini.

Nimealikwa tena semina, mwezi ujao. Nitakwenda, na safari hii nitaketi nyuma, karibu na yule mzee kama bado anakuja. Utupa wangu wa uani nimeubakiza miche miwili, kwa ajili ya udongo. Kinu nilichoutwangia hakitwangi kisamvu tena. Yule mvuvi sijamjibu hadi leo. Tukikutana tunaamkiana vizuri, ananiuliza habari za bustani, nami namwuliza habari za ziwa.