Mbunge akiwa na neno, amwambie rais wake

Tarehe 9 Machi 2015, maseneta 47 wa Marekani, wote wa chama cha Republican, walitoa barua ya wazi. Hawakumwandikia Rais Barack Obama, waliwaandikia viongozi wa Iran. Siku hizo John Kerry, waziri wao wa mambo ya nje, alikuwa mezani na mwenzake wa Iran, Mohammad Javad Zarif, wakijadili mpango wa nyuklia, na muda waliojiwekea wa kufikia makubaliano ya awali ulikuwa unaishia mwisho wa mwezi uleule.

Mwandishi wa barua alikuwa Tom Cotton wa Arkansas, kijana wa miaka 37 aliyekuwa ameapishwa Januari. Aliwaambia Wairani kwamba huenda hawaifahamu vizuri katiba ya Marekani. Chochote watakachokubaliana na Obama bila Congress kukipitisha, kitakuwa ni makubaliano ya mtu mmoja tu. Obama anaondoka Januari 2017, maseneta wengi watabaki, na rais ajaye anaweza kuyafuta yote kwa kalamu.

Sikubaliani na barua ile, na nina sababu ya kuwa mkali. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nguo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kujadiliana na mwajiri mkataba wa hali bora. Safari moja tulikuwa tunabishania posho ya zamu ya usiku. Jioni ile meneja alikuwa ameshaanza kulegea: ameivuta kalkuleta, anajumlisha, anatuuliza zamu ina watu wangapi. Kesho yake tuliporudi, kalkuleta haikuwepo na meneja alikuwa akitazama simu yake. Mjumbe mmoja wa kamati yetu alimpitia ofisini akamwambia, “Huyu katibu uchaguzi ujao hapiti, msihangaike naye.” Hakusema uongo, maana tawini nilikuwa napigwa vita kweli. Lakini tangu hapo mwajiri hakuwa na haja ya kunijibu. Alikuwa anasubiri uchaguzi, na watu wa zamu ya usiku walisubiri naye bila posho.

Kwa hiyo ninaposikia wanasheria wakibishana kama maseneta wale walivunja sheria au hawakuvunja, naona hoja imepelekwa pembeni. Gazeti moja la New York liliwaita wasaliti, ukurasa wa mbele. Wengine wakaichimbua Sheria ya Logan ya mwaka 1799, inayomkataza raia asiye na idhini kujadiliana na serikali ya nje iliyo na mgogoro na Marekani. Ilitungwa baada ya George Logan, daktari wa Philadelphia, kujipeleka Ufaransa mwaka 1798 kutafuta amani kwa hiari yake. Katika miaka yote hiyo ni watu wawili tu walioshtakiwa kwa sheria hiyo, mwaka 1803 na 1852, na hakuna aliyetiwa hatiani. Hapo hakuna kesi. Kilichopo ni suala la busara na wajibu.

Wala si ugonjwa wa chama kimoja. Aprili 2007 Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi kutoka Democratic, alikwenda Damascus kuonana na Bashar al-Assad, aliyekuwa rais wa Syria, ilhali serikali ya George W. Bush haikutaka. Na Kerry, aliyelalamika sana kuhusu barua ya Cotton, naye ana yake. Aprili 1985, akiwa seneta mgeni, alikwenda Managua na seneta mwenzake Tom Harkin kuonana na Daniel Ortega, rais wa Nikaragua, wakarudi na pendekezo la Ortega mkononi. Siku hizohizo Rais Ronald Reagan alikuwa analiomba Congress dola milioni 14 za kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na Ortega huyohuyo.

Watetezi wa Cotton wana hoja moja nzito, nami siikwepi. Aliyoyasema yalikuwa kweli. Tarehe 8 Mei 2018 Donald Trump aliutangazia ulimwengu kwamba Marekani imejitoa, na mkataba wa nyuklia uliofikiwa Vienna tarehe 14 Julai 2015 ukabaki bila mguu wake mkubwa. Zarif, ambaye amesoma Marekani mpaka akapata udaktari, aliwajibu maseneta kwamba sheria za kimataifa huifunga serikali, na kubadilika kwa rais hakufuti ahadi za nchi. Kwenye karatasi alikuwa na hoja, lakini ukweli wa siasa ulikuwa upande wa Cotton.

Na Obama naye hakuwa msafi. Katiba ya Marekani inamtaka rais apate ridhaa ya theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria kabla ya kuifunga nchi kwa mkataba rasmi. Alijua hazipati kura hizo, akachagua njia ya makubaliano ya kiserikali isiyopitia huko. Rais anayelikwepa bunge asishangae mkataba wake ukifa siku anayotoka ofisini.

Lakini ukweli una mahali pa kusemwa. Neno lilelile, “mkataba huu hautadumu bila sisi,” likiambiwa Obama ni onyo, na linaweza kumrudisha mezani akadai zaidi. Likiambiwa Iran, linampa mpinzani sababu ya kutotoa kitu. Kwa nini afunge mitambo yake leo kwa ahadi ambayo Wamarekani wenyewe wanasema itafutwa kesho? Na mazungumzo yakivunjika, lawama inaiangukia Marekani, wakati ilikuwa imezikusanya Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China upande wake wa meza.

Maseneta wa Republican walikuwa 54, na saba hawakutia saini. Mmoja wao ni Bob Corker wa Tennessee, jimbo linalopakana na Arkansas ya Cotton. Corker ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, na naye hakuupenda mpango wa Obama. Ila yeye alikuwa anatafuta kura. Wakati mwenzake anaandika barua, yeye alikuwa anawazungukia maseneta wa vyama vyote na muswada unaomlazimisha rais auwasilishe mkataba Congress, upitiwe, na katika muda huo asiondoe vikwazo vilivyowekwa kwa sheria. Ikulu ilitishia kuukataa, kisha ikasalimu amri ilipoona hesabu. Mei 2015 Seneti iliupitisha kwa kura 98 dhidi ya moja. Hiyo moja ni ya Cotton.

Congress likapata siku 60 za kuuchambua mkataba. Septemba upinzani ulipata kura 58 dhidi ya 42 katika Seneti, zikapungua mbili kufikia 60 zilizohitajika ili azimio la kuukataa lisonge mbele. Corker alikuwa miongoni mwa hao 58. Alishindwa, lakini kila seneta alilazimika kusimama na jina lake likaandikwa, na Iran haikupata barua yoyote kutoka kwake. Ukiniuliza nani alilitendea haki bunge lake kati ya hawa wawili wa chama kimoja, sina haja ya kufikiri.

Iran nayo ilionja dawa hiyohiyo. Desemba 2020, siku chache baada ya mwanasayansi wao Mohsen Fakhrizadeh kuuawa, bunge la Tehran lilipitisha sheria ya kuiagiza serikali irutubishe urani hadi asilimia 20, na ipunguze ukaguzi wa kimataifa ikiwa vikwazo havitaondolewa kwa muda mfupi. Mkataba uliruhusu asilimia 3.67 tu. Rais Hassan Rouhani aliipinga waziwazi, maana Joe Biden alikuwa amebakiza wiki chache kuapishwa na mlango wa mazungumzo ulikuwa unataka kufunguka. Wabunge wakaushindilia kwa mawe. Januari urutubishaji wa asilimia 20 ukaanza kwenye mtambo wa Fordow, na Aprili 2021 wakafika asilimia 60. Mazungumzo ya kuufufua mkataba yalianza huku mikono ya Rouhani imefungwa na watu wa nyumbani kwake. Juni 2025 ndege za Marekani ziliipiga Fordow. Sitasema vita ile ilizaliwa na barua ya 2015, kwa kuwa wazazi wake ni wengi. Nasema tu kwamba kila aliyeivunja ile meza alidhani anaikomoa serikali ya nyumbani.

Huku kwetu Tanzania tatizo limesimama upande wa pili. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba inayoihusu Jamhuri ya Muungano ambayo masharti yake yanahitaji kuridhiwa. Mwaka 2016 wabunge walijadili ule mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, wakashauri usisainiwe. Serikali ilikuwa tayari na shaka hiyohiyo, lakini angalau neno lilisemwa ukumbini, kabla ya saini. Makubaliano na Dubai kuhusu bandari yalikwenda kinyume chake. Yalisainiwa Oktoba 2022, yakafika Dodoma Juni 2023 na kuridhiwa tarehe 10. Mjadala wenye moto ukaja baada ya saini, mitaani, makanisani na mahakamani. Wamarekani wana wabunge wanaomfuata mpinzani kabla mazungumzo hayajaisha. Sisi tuna wabunge wanaoletewa chakula kikiwa kimeshaliwa, wakaombwa kusifu upishi.

Dawa ya magonjwa yote mawili ni moja, nayo ni kulishirikisha bunge mapema. Kamati husika ielezwe kabla ujumbe haujapanda ndege, hata kama ni faraghani. Wabunge waseme yale ambayo wakiyakuta ndani ya mkataba hawataupitisha, ili mjumbe ajue ukuta uko wapi na awe na cha kumwambia mpinzani: hili hata nikilikubali mimi, nyumbani halipiti. Maneno hayo ni silaha yanapotoka kinywani mwa mjumbe mwenyewe. Mkataba ukirudi, upewe muda wa kusomwa na kila mbunge apige kura kwa jina lake.

Mbunge anayetaka mkataba usipite ana jukwaa, ana kamati, ana bajeti ya wizara, ana kura. Akiona vyote hivyo havimtoshi, maana yake wenzake hawajamkubalia. Na aliyeshindwa nyumbani hana ruhusa ya kwenda kukata rufaa kwa mpinzani.