Umepamba bafu, hewa itapita wapi?

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, leo ukurasa huu hauzungumzi juu ya kofia wala viatu vya kazi. Twende nyumbani, katika ile studio ya chumba kimoja uliyoijenga nyuma ya nyumba, au unayokaa ungali bila mke. Tufungue mlango wa bafu.

Ni dogo: mita moja kwa mita moja na nusu, choo na dushi pamoja. Umepata feza kidogo, umeita fundi, unataka lifanane na la wakubwa. Vema. Karo nyeupe ukutani, robine mpya, kioo. Kisha fundi anatazama juu, penye matofali ya matundu, anauliza: «Tuzibe hapa?» Nawe unajibu: «Ziba, baridi inaingia.»

Hapo sikubaliani nawe.

Najua sababu zako. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Lubumbashi na Kolwezi si mchezo. Mbu wanapita, na macho ya jirani vilevile. Lakini wewe unayeshuka chini ya udongo unajua hewa ni nini. Kule huwezi kukubali kufanya kazi mahali ambapo hewa haipiti. Mbona nyumbani unaiziba mwenyewe, tena kwa simenti ya feza yako?

Baridi ile ile ndiyo itakufanya uingize mbabula. Umeme umekatika, maji yanachemka juu ya makala, mtoto anaogeshwa, mlango umefungwa ili joto lisitoke. Makala yakiwaka yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Usidanganyike kwamba makala mekundu yasiyo na moshi ni salama. Gazi hiyo inashikana na damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi, na katika chumba kidogo namna hii haikawii. Kichwa kinauma, macho yanaona kizunguzungu, moyo unachafuka, miguu inakosa nguvu. Hata mtu akitambua, huenda asiweze tena kufika mlangoni. Kesho yake majirani wanatafuta mchawi.

Basi mbabula ikae nje, maji yaingie kwa ndoo. Mimina kwanza ya baridi, halafu ya moto, mtoto asiungue. Tundu libaki. Mbu wanakusumbua? Weka wavu wa waya. Jirani anachungulia? Lipandishe karibu na dari, huko ndiko mvuke unakoelekea. Na chini ya mlango acha nafasi ya vidole viwili ili hewa nyingine iingie.

Na huo mlango, mwambie fundi aufanye ufunguke kwa nje. Katika bafu dogo mtu akianguka, mwili wake unazuia mlango, na wanaokuja kumsaidia wanabaki wakisukuma.

Karo za ukutani usizitandike chini: zikipata maji na sabuni zinateleza kama samaki. Tafuta za kukwaruza. Mama atasema ni ngumu kusugua, na ni kweli. Lakini mguu uliovunjika ni mgumu zaidi. Sakafu iinamie kwenye tundu la maji, sentimita 1 au 2 kwa kila mita. Sifoni isikosekane, la sivyo harufu yote ya fosi itarudi kwako.

Juu ya umeme sitasema mengi: kiwashio cha taa kiwe nje ya mlango, prizi isiwe karibu na dushi, na waya zishikwe na fundi umeme, si shemeji.

Kama umekwisha kuziba, kazi si kubwa. Chukua patasi na nyundo, toa tofali moja juu, asubuhi moja inatosha. Vumbi litazifunika karo zako mpya. Zitasuguliwa.