Lualaba: chombo cha kupima maji kilale saa ngapi?

Mji wa Kindu umegawanywa na Lualaba: Kasuku na Mikelenge upande mmoja, Alunguli upande mwingine. Mto ukijaa, wakaaji wa ukingoni ndio wanaguswa kwanza. Januari 2024, kule Kinshasa, mto Kongo ulifika mita 6.20, karibu sana na rekodi ya mita 6.26 ya mwaka 1961. Lualaba ni sehemu ya juu ya mto huo huo. Kwa hiyo vyombo vinavyopima maji na kutuma habari vyenyewe, bila waya, vinahusu pia Maniema.

Vyombo hivyo, yaani vihisi, vinatumia batri na paneli ndogo ya jua. Kupima kina cha maji kunakula umeme kidogo. Kinachomaliza batri ni redio yake: kutuma namba, na hata kukaa macho kusikiliza kama chombo jirani kinaita. Ndiyo maana mafundi wanakilaza: kinaamka kidogo, kinatuma, kinalala tena. Batri inadumu, lakini habari inachelewa. Na kama habari inapita kutoka chombo hadi chombo, kila kimoja kinangoja jirani yake aamke, na muda unazidi kupotea.

Hesabu ni rahisi. Kutuma kila dakika 10 ni mara 144 kwa siku. Kutuma kila saa 6 ni mara 4 tu. Na msimu wa mvua, wakati habari inahitajika zaidi, ndio wakati mawingu yanazuia jua kujaza batri.

Tuchague nini? Inategemea mwendo wa hatari yenyewe. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ishara za wazi zilianza kama dakika 40 tu kabla, kama utafiti wa mwaka 2022 ulivyoonyesha. Kule Kalehe, Kivu Kusini, Mei 2023, maji yalishuka milimani kwa ghafla na kuua zaidi ya watu 400. Mahali kama hapo, chombo kinacholala saa 6 hakina faida.

Lualaba ni mto mkubwa; kujaa kwake kunaonekana kwa siku, si kwa dakika. Hapa chombo kinaweza kupima mara nyingi na kutuma mara chache. Lakini maji yakivuka alama iliyowekwa, au yakipanda haraka kuliko kawaida, kiache usingizi na kitume mara moja. Batri inahifadhiwa siku za utulivu ili itumike siku ya hatari.

Hata hivyo, batri si yote. Mwisho wa 2020 msaada wa pesa uliisha, na kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kikakosa intaneti ya kupokea habari za vyombo vyake kwa miezi kadhaa, hadi Aprili 2021. Vyombo vilikuwepo, njia ya habari ndiyo iliyokatika.

Kwa hiyo, siku mradi kama huo utakapoletwa Kindu, wakaaji wasiulize tu idadi ya vyombo. Waulize: nani atalipa mtandao mradi ukiisha? Nani atasoma namba usiku? Na itachukua saa ngapi mpaka mama wa Alunguli aambiwe ahamishe watoto?