Mbegu za kiume si kredo, haziishi

Hapa Kiritiri, steji ya boda, utaskia ati mwanaume alizaliwa na mbegu za kuhesabu, akizitumia ovyo zinaisha. Zii wasee! Kwenye korodani kuna seli shina. Zikigawanyika, zingine hubaki shina, zingine hukua polepole, miezi 2 na zaidi, mpaka ziwe mbegu. Ni kama muguka: unachuma majani, mti unachipua tena. Shida ni mti wenyewe ukikauka. Kemo ya saratani inaweza kuua hizo seli kabisa, kwa hivyo kabla uanze, muulize daktari kuhusu kuhifadhi mbegu. Na mtoto akikosekana, msimrukie bibi peke yake. Jamaa, enda upimwe pia.